Usikariri hiyo hotuba, ndugu yangu, acha leo hii

Weye mwenye unasema Jumamosi unasemea familia kwenye ndoa ya dada yako hapo Goma, umeandika kurasa saba za Kifaransa na umeanza kuzikariri neno kwa neno ili usionekane na karatasi mkononi: acha. Umeuliza uvae nini, mikro inashikwa namna gani, uanzeje, watu watacheka wapi. Ngoja kwanza. Niliposoma hapo kwenye "kukariri" tumbo lilinikaza, juu mimi njo vile nilifanya, na wenye walilipa ni wamama 40 wa kikundi cha mama yangu mdogo.

Ilikuwa Bukavu. Mama mdogo anauzisha sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Na wenzake walikuwa na AVEC yao, chama cha kuweka na kukopeshana, wanaweka akiba kila juma, wakakuja wageni fulani na frigo (friji) moja kubwa ya kupatia kikundi kimoja kati ya vinne. Kila kikundi kitume mtu mmoja aseme. Mama mdogo akanisimamisha mimi, "huyu mtoto alisoma". Sasa mwenye anajua sambaza anajua: zinavuliwa usiku kwa taa, asubuhi ziko sokoni, na zikikutwa na jioni bila baridi, zile hukuanika utazitupa. Hiyo tu njo ilikuwa habari yote ya kusema.

Mimi nikapeleka dola 30 kwa bwana mmoja mwenye anafundishaka kusema mbele ya watu, siku tatu. Dola 30! Akanifundisha kwamba mwenye anashika karatasi hajajiandaa, kwamba hotuba ya kweli inatoka yote kichwani, kwamba watu usiwatazame usoni, tazama ukuta juu ya vichwa vyao. Hakuniuliza hata mara moja nitasemea nani, wale watu wanasikia lugha gani, tunaomba nini. Mpaka leo nina hasira naye, tena nasikia bado anafundisha watu.

Basi nikaandika kurasa sita, Kifaransa cha juu kabisa, nikakariri juma mbili, usiku nikilala naota nasoma. Siku yenyewe nikaanza vizuri. Ukurasa wa tatu, katikati ya neno "otonomizasioni", umeme ukakatika. Mikro ikafa mkononi. Mtu akakimbia kuwasha grupe (jenereta), ikachukua kama dakika tatu hivi, watu wanaongea kwa sauti ya chini, na mimi nimesimama natafuta neno lenye linafuata na haliko. Umeme ukarudi, haliko. Nikarudia toka mwanzo, salamu zote, wakubwa wote mmoja mmoja, wageni wakaanza kutazamana, nikafika tena pale pale kwenye otonomizasioni, nikakwama tena. Nikasema asante, nikakaa.

Na mnajua chini ya kiti cha mama mdogo kulikuwa nini? Beseni ndogo ya plastiki, imefunikwa kikwembe. Alikuwa amebeba sambaza za jana yake, zenye zimeanza kunuka, ili niwaonyeshe wageni. Asubuhi alikuwa ameniambia, na mimi nikamjibu "mama, hiyo haimo kwenye hotuba". Beseni ilirudi nyumbani vile ilikuja, haijafunuliwa. Frigo ikaenda Bagira, komini moja ya Bukavu, kwa mama mmoja mwenye alisema kama dakika nne, Kiswahili tupu, akitazama watu machoni. Njiani mama mdogo hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kule mbele ulikuwa unasemea nani?"

Sikia basi. Ukikariri neno kwa neno, kila neno linavutwa na lenye limepita, sawa kamba ya shanga. Moja ikatike, zote zinamwagika. Na siku ya ndoa kitu cha kukata hakikosekani: mtoto atalia, simu italia, mzee atakohoa, umeme ndio usiseme. Kariri njia, usikariri maneno. Sentensi ya kwanza ijue kabisa, ya mwisho ijue kabisa, na katikati uwe na mambo matatu, kila moja neno moja kwenye kikaratasi kidogo, ushike mkononi bila haya. Ukikwama unatazama, unaendelea, hakuna mwenye atajua. Halafu ujizoeze umesimama, kwa sauti, mara tano, na kila mara maneno yabadilike, hiyo si kosa, njo alama ya kwamba jambo umelishika.

Karatasi si aibu. Daktari Mukwege wa hapa kwetu, pale Oslo tarehe 10 Desemba 2018 akipokea Nobel ya Amani, alisoma karatasi mbele ya mfalme wa Norway. Lakini angalia alianzia wapi: akishamaliza salamu, moja kwa moja usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996, waasi wanashambulia hospitali ya Lemera, wagonjwa wanauawa kwenye vitanda vyao. Usiku moja, mahali pamoja. Na weye una vyako. Ile usiku ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo, volkano ya hapo Goma, ikilipuka, dada yako alikuwa wapi, alishika mkono wa nani, alibeba nini? Anzia hapo, na useme kwa Kiswahili, juu bibi yako atakuwa amekaa mbele na atataka kusikia.

Kurasa saba ni nyingi mno. Ukurasa wa kuchapa una kama maneno 300, mtu anasema kama 130 kwa dakika, piga hesabu, ni zaidi ya dakika 15 na chakula cha watu kinapoa. Dakika nne, tano.

Umeshakariri ngapi mpaka sasa? Kama ni mbili bado una bahati, ziweke pembeni leo usiku, simama uwani, washa rekodi ya simu na umuelezee dada yako kama vile unamuelezea jirani. Halafu rudi hapa uniambie ulikwama wapi, niko online mpaka saa sita.