Maswali Yenu: Maji ya Msimbati, Jua la Newala na Mjusi wa Tendaguru

Tunataka kuwapeleka watoto Msimbati Jumamosi. Safari iliyopita tulikuta maji yameshatoka, tukashinda tunaangalia mawe. Nimeweka programu ya maji kwenye simu lakini saa zake hazilingani na ninachokiona ufukweni. Nifuate nini?
*Mama wa watoto watatu, Shangani, Mtwara*

Mama, anza na mwezi, ndipo uifungue simu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa saa kumi au kumi na moja jioni. Juma moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu. Hapo saa zimepinduka, maji hujaa asubuhi ile ile saa nne au tano, na tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kwa hiyo familia inayotaka kuogelea asubuhi na kurudi mapema ichague Jumamosi ya mwezi nusu. Wanaotaka kuwaonyesha watoto kaa, kome na nyota za bahari kwenye miamba wachague bamvua, wafike saa tatu unusu, na kila mtoto avae viatu, kwa sababu viumbe wenye miiba mirefu myeusi hukaa kwenye vidimbwi hivyo hivyo.

Programu za simu hukosea kwa njia mbili. Baadhi huonyesha saa za dunia, yaani UTC, nasi tuko mbele kwa saa 3. Ukiona kosa lako ni la saa 3 kamili, ingia kwenye mipangilio ubadilishe. Nyingine hazikupewa ruhusa ya kujua ulipo, zikabaki na kituo zilichokuja nacho, ambacho huenda kiko bara jingine kabisa. Hakikisha jina lililoandikwa juu ni Mtwara. Kisha piga picha ya skrini ukiwa bado mjini, maana mtandao kule hauaminiki.

Kuhusu usalama: maji hayaendi kwa mwendo mmoja. Kati ya saa sita za kujaa, saa ya tatu na ya nne peke yake huleta karibu nusu ya maji yote, na wakati huo mkondo ndio mkali, zaidi penye mlango wa ghuba. Watoto waoge nusu saa kabla na nusu saa baada ya maji kutulia juu. Mtu mzima atangulie kupima kina, kwani ufukwe wa mchanga unaweza kukatika ghafla.

Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, kwa hiyo kuna kiingilio. Kila mtu mzima abebe kitambulisho ili mlipe kiwango cha raia. Gari dogo liacheni kwenye udongo mgumu. Wenye fowili wanaoingia mchangani washushe upepo wa matairi kutoka psi 32 hadi 18 au 20, wasikate kona kwa kasi, na wawe na pampu ya kujazia kabla ya kurudi barabarani. Tairi likizama, usikanyage mafuta. Chimba mchanga ulio mbele ya tairi, tandika makuti, ondoka polepole kwa gia ya pili. Watu wengi hukaa saa mbili mchangani kwa sababu ya zile sekunde kumi za kwanza za kukanyaga mafuta.

Simu yangu imeanguka baharini, nimeitoa ndani ya dakika moja. Wananiambia niifukie kwenye mchele.
*Kijana, Lindi mjini*

Mchele upike. Hauvuti maji yaliyo ndani ya simu, na vumbi lake huziba tundu la chaji. Adui hapa ni chumvi, ambayo hupitisha umeme na kuendelea kula shaba hata simu ikishakauka. Izime sasa hivi, usiichaji, usiiwashe "kuona kama inafanya kazi". Toa laini, memori kadi, na betri kama inatoka. Ikiwa imezimwa kabisa, isuuze kwa maji baridi safi kwa muda mfupi ili kuondoa chumvi, ifute, isimamishe tundu likiangalia chini mbele ya feni. Usitumie draya ya nywele, joto hulegeza gundi. Siku hiyo hiyo ipeleke kwa fundi aifungue na kuisafisha bodi kwa spiriti na brashi laini. Ukingoja hadi Jumatatu, atakuta kutu ya kijani.

Kwetu Newala, nyumba ya shambani, nguzo za umeme hazijafika. Nataka taa tano, televisheni ndogo na kuchaji simu tatu. Muuzaji anasema paneli ya wati 50 na betri ya gari vinatosha. Video nilizotazama zinasema paneli ielekee kusini. Nifanyeje?
*Mkulima wa korosho, Newala*

Usinunue bado. Vifaa hivyo havitoshi, na kusini si upande wako.

Hesabu ianzie kwenye matumizi. Taa 5 za LED za wati 5, zikiwaka saa 5, zinakula wati-saa 125. Televisheni ya wati 30 kwa saa 4 ni 120. Simu tatu, wati-saa 15 kila moja, ni 45. Jumla 290. Nyaya, kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri) na betri navyo vinapoteza sehemu yake, kwa hiyo panga 400. Chukulia saa 5 za jua kamili kwa siku: 400 ukigawa kwa 5 unapata wati 80. Nunua paneli ya wati 100, ziada utaihitaji miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili. Ile ya wati 50 ingekupa 250 kabla ya upotevu. Taa zingewaka, lakini televisheni ingezima kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili.

Betri: 290 gawa kwa volti 12 ni ampea-saa 24 kwa siku. Weka akiba ya siku mbili, 48. Betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, ndiyo maana unahitaji ya ampea-saa 100. Na iwe betri ya sola. Ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Sahani zake ni nyembamba, na ukiinyonya kila usiku haimalizi mwaka. Ukiwa na uwezo wa litiamu, ya ampea-saa 50 itakufikisha karibu pale pale kwa sababu inaruhusu kutumiwa hadi asilimia 80, lakini uliza kama kontrola ina mpangilio wa litiamu. Isipokuwa nao, utaiua betri ghali kuliko paneli.

Sasa upande. Video hizo nyingi zimetengenezwa Ulaya na Marekani, na huko jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Newala iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Jua hukupita utosini karibu na tarehe 20 Februari na tena 20 Oktoba, na miezi yote minane ya katikati liko kaskazini. Elekeza paneli kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Bila kipimo cha nyuzi, chukua rula: kwa kila mita 1 ya paneli, ukingo wa kusini uinuke sentimita 17 hadi 26. Usiilaze kabisa, maji na vumbi vitatuama kwenye fremu.

Angalia kivuli cha mkorosho saa tatu asubuhi na saa tisa mchana, si saa sita peke yake. Chembe za paneli zimeungwa kwa msururu, tawi moja likifunika kona, umeme wa paneli nzima unashuka. Na msimu wa kupuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, lile vumbi la njano hutua juu ya kioo pia. Lifute kwa kitambaa chenye maji kabla jua halijachomoza. Maji baridi juu ya kioo cha moto yanaweza kukipasua.

Waya kutoka kwenye paneli hadi kontrola (ya ampea 10 inatosha) uwe wa milimita za mraba 4 ikiwa umbali ni mita 10. Ule mwembamba wa 1.5, ambao mafundi wengi huutoa kwa kuwa ni rahisi, unakula karibu asilimia 7 ya nguvu njiani. Wa 4 unakula chini ya 3. Weka fyuzi ya ampea 15 kwenye waya chanya, shibiri moja tu kutoka kwenye betri. Ikikaa mbali, waya wote wa katikati hauna ulinzi, na nyumba ya makuti haisubiri. Unapofunga, unganisha betri na kontrola kwanza, halafu paneli, mwisho taa. Ukifungua, rudi kinyume. Paneli ikitangulia, kontrola nyingi hazitambui kama mfumo ni wa volti 12 au 24, na baadhi huungua.

Nunua na mita ya volti. Asubuhi kabla ya jua, betri ya risasi iliyopumzika ikisoma 12.7 imejaa. Ikisoma 12.2 umefika nusu, usiku unaofuata televisheni ipumzike. Betri ya kujazwa maji iongezwe maji ya betri peke yake. Maji ya kisima yana chumvi, na tindikali haiongezwi kamwe.

Mwanangu wa darasa la nne amesikia kwamba Lindi kuna mjusi mkubwa wa kale. Twende wapi tukamwone?
*Baba, Mingoyo*

Kwa ukweli, Berlin. Mifupa ilichimbwa kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, na msafara wa Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Wachimbaji na wapagazi walikuwa watu wa huku, chini ya msimamizi mkuu Boheti bin Amrani, na zaidi ya tani 200 zilibebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mjusi aliyesimamishwa mwaka 1937 kwenye jumba la makumbusho la Museum für Naturkunde ana urefu wa kwenda juu wa mita 13.27, na ameungwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja. Wataalamu humwita Giraffatitan, mmoja wa dinosaria. Umri wake ni karibu miaka milioni 150.

Kilima chenyewe ni pori na njia mbovu. Mtoto atakayetarajia mifupa atarudi na upele wa upupu. Badala yake mfanyieni mradi nyumbani: kamba yenye fundo kila mita 1, jivu au chokaa, na uwanja wa shule. Pimeni mita 22 kwa urefu wa mwili kutoka pua hadi mkia, mchore umbo, halafu watoto walale ndani mmoja baada ya mwingine wahesabu wanaingia wangapi. Kwa ule urefu wa kwenda juu, mtafute mnazi mrefu. Mtoto asimame chini ukiwa umempima, mpige picha kutoka mbali simu ikiwa wima, kisha kwenye picha hesabuni urefu wake unaingia mara ngapi kwenye mnazi. Simameni mbali angalau mara mbili ya urefu wa mnazi, vinginevyo kilele kitaonekana kifupi kuliko kilivyo.

Bibi yangu anajua hadithi nyingi za Kimwera. Nataka kumrekodi kwa simu, halafu programu ya akili unde iniandikie. Inawezekana?
*Mjukuu, Nachingwea*

Kurekodi, ndiyo. Kuandikiwa, usitegemee. Programu hizo zinakwenda vizuri kiasi kwa Kiswahili. Kwa Kimwera, Kimakonde au Kiyao hubandika maneno ya Kiswahili yanayofanana kwa sauti, na hatari ni kwamba sentensi inayotoka inasomeka vizuri huku ikiwa si alichosema bibi.

Weka simu katika hali ya ndegeni, vinginevyo mtu atapiga katikati ya hadithi. Ilaze juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, sentimita 30 kutoka mdomoni, kipaza sauti kikimwelekea. Ukiishika mkononi, kila kidole kitasikika. Chumba chenye mikeka na mapazia ni bora kuliko sebule tupu ya saruji, na paa la bati wakati wa mvua halifai. Rekodi dakika 1, sikiliza kwa earphone, ndipo uendelee. Mtindo wa M4A wa kilobiti 128 unatumia karibu MB 60 kwa saa na unatosha kwa maneno. WAV ya mkondo mmoja hufika MB 300 na zaidi, itumie kama kuna nyimbo.

Mwanzoni taja tarehe, kijiji, jina la bibi na lugha. Mwulize "ilikuwaje", si "ni kweli kwamba". Dakika 20 kwa mkao mmoja zinatosha mzee. Faili lipe jina kwa mwaka, mwezi, siku na kichwa cha hadithi. Ukilituma kwa WhatsApp, litume kama waraka, si kama ujumbe wa sauti, ambao hubanwa. Nakala moja ibaki kwenye flashi isiyotoka nyumbani.

Mwombe ruhusa kabla, na umwulize tena baada ya kusikiliza naye. Mambo ya jando na unyago akisema hayatoki nje, yafute mbele yake.

Kuandika kwa mkono, saa 1 ya sauti huchukua saa 4 hadi 6. Punguza kasi ya kusikiliza hadi 0.75, andika kwanza kile kinachosikika, na maneno usiyoyajua yaachie nafasi pamoja na dakika yake, ili ukimrudia bibi umchezeshee pale pale.