Duara la kioo cha bibi: George Albert Smith alipigaje picha za karibu mwaka 1900?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Morogoro, nahariri video za harusi na sasa nimeanza kutengeneza filamu fupi. Nimeangalia Grandma's Reading Glass ya Mwingereza George Albert Smith, ya mwaka 1900. Mjukuu anachukua kioo cha kukuzia cha bibi yake, na kila anachokiangalia tunakiona kikubwa ndani ya duara. Je, kamera ilipiga kupitia kioo chenyewe? Nimejaribu hivyo kwa simu, picha inapinda na pembeni inaingia giza. Halafu, mtu aliyejua mambo haya mapema kiasi hicho, mbona baada ya 1903 hasikiki tena kwenye filamu za hadithi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kujaribu kwanza ndipo ukauliza, maana simu yako imeshakupa nusu ya jibu.

Kamera haikupita kwenye kioo cha bibi. Kioo cha kukuzia kinapinda mistari ya pembeni, kinakula mwanga, na mkono wa mtoto hautulii. Filamu ya siku zile ilikuwa inahitaji mwanga mwingi sana, hivyo hakuna aliyekuwa na mwanga wa kupoteza. Alichofanya Smith ni kusimamisha kamera, kuisogeza karibu na kitu chenyewe, kurekebisha fokasi, na kuweka mbele ya lenzi kizuizi cheusi chenye tundu la mviringo. Gazeti, mashine ya saa, ndege ndani ya kizimba chake, jicho la bibi likizungukazunguka, kichwa cha paka: kila kimoja kilipigwa peke yake. Baadaye vipande vikaunganishwa katikati ya picha pana ya mtoto na bibi yake. Nawe fanya hivyohivyo. Kata karatasi ngumu nyeusi, toboa duara, ishike mbele ya simu. Ukiisogeza karatasi karibu na lenzi, ukingo wa duara unalainika; ukiipeleka mbele kidogo, unakuwa mkali. Jaribu umbali kadhaa mpaka macho yako yaridhike.

Duara hilo Smith hakulitoa hewani. Alizaliwa London mwaka 1864, akakulia Brighton, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza, na kabla ya kamera alikuwa mtu wa jukwaani: akilaza watu usingizi kwa maneno na kuonyesha kusoma mawazo. Mwaka 1892 alikodi bustani ya St Ann's Well pale Hove, jirani na Brighton, akaifanya mahali pa matembezi na burudani. Humo alikuwa akionyesha picha za vioo kwa ile taa ya kutupia picha ukutani, huku akisimulia. Picha nyingi za taa hiyo zilikuwa za mviringo, kwa hiyo watazamaji wake walishazoea duara. Na msimulizi wa taa alijua jambo ambalo wapiga filamu wengi wa miaka ile hawakulijali: hadithi inapangwa kwa picha zinazofuatana, ya mbali kisha ya karibu, na kila moja ina sababu ya kuja pale ilipo.

Kamera aliipata kwa fundi wa Brighton, Alfred Darling, na mwaka 1897 alikuwa tayari kazini. Alianza na mizimu: anapiga mara mbili juu ya filamu ileile, mzimu ukipigwa mbele ya pazia jeusi ili usiache alama nyingine. Katika Santa Claus ya 1898, watoto wamelala, taa inazimwa, chumba kinakuwa cheusi, na ndani ya weusi ule linatokea duara: mzee wa Krismasi yuko juu ya paa muda huohuo. Sehemu mbili kwa wakati mmoja, ndani ya fremu moja! Kila nikiionyesha darasani naona wanafunzi wakiinuka vitini.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye somo la mhariri. Mwaka 1900 Smith hathubutu kutuonyesha kitu kwa karibu bila kutupa kisingizio. Mtoto ameshika kioo. Katika As Seen Through a Telescope mzee ameshika darubini, na tunaona anachochungulia, mwanamke akifungwa kiatu kando ya baiskeli. Duara linatuambia: haya ni macho ya fulani. Mwaka huohuo, katika Let Me Dream Again, anatoa picha nje ya fokasi ili mwanamume atoke kwenye ndoto ya karamu na kuamka kando ya mkewe. Shoti ya pili, yaani kipande cha pili kilichopigwa bila kukatwa, inaanza na ukungu uleule kisha inang'aa. Hapo pia mtazamaji anapewa sababu.

Halafu inakuja The Sick Kitten, toleo la 1903 la filamu aliyoipiga miaka miwili kabla. Watoto wawili wanamnywesha paka mgonjwa dawa. Picha pana, kisha paka na kijiko wakijaza fremu, kisha picha pana tena. Hakuna kioo, hakuna darubini, hakuna duara. Tunasogea karibu kwa sababu moja tu, kwamba hapo ndipo jambo linapotendeka. Kwangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko mizimu yake yote. Na ilikuwa kazi ngumu, kwani paka haambiwi "rudia". Ilibidi mnyama, kijiko na gauni la msichana vikubaliane kati ya shoti mbili zilizopigwa kila moja kwa wakati wake.

Katika Mary Jane's Mishap ya 1903 anakwenda na kurudi kati ya mbali na karibu mara kadhaa. Mary Jane, mfanyakazi wa ndani, anaigizwa na Laura Bayley, mke wa Smith, mwigizaji wa vichekesho aliyekuwa na uzoefu wa jukwaa kabla ya filamu. Anajipaka dawa ya viatu usoni kama masharubu, anatukonyeza, kisha anamimina mafuta ya taa jikoni na kurushwa kupitia bomba la moshi. Bila picha ya karibu, ule ukonyezaji usingefika kwa mtazamaji. Nawaambia wanafunzi wasimtaje Smith bila kumtaja Laura.

Kuhusu kunyamaza kwake: hakuacha kazi, alihamia kwenye rangi. Mfanyabiashara Charles Urban alikuwa akimgharamia Edward Turner, aliyekuwa akitafuta filamu ya rangi tatu. Turner alifariki 1903, na Urban akampa Smith kazi hiyo. Smith akaachana na bustani, akahamia Southwick, na mwaka 1906 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mfumo wa filamu za rangi ulioitwa Kinemacolor. Alipunguza rangi zikawa mbili. Filamu yenyewe ni nyeusi na nyeupe, inakwenda fremu 32 kwa sekunde, na mbele yake inazunguka sahani yenye kichujio chekundu na cha kijani. Projekta nayo ina sahani hiyohiyo, na jicho lako linaziunganisha rangi hizo mbili. Udhaifu wake utauona mara moja: fremu nyekundu na ya kijani hazikupigwa kwa nukta moja, hivyo farasi akikimbia anaacha ukingo wa rangi. Hata hivyo ilionyeshwa hadharani Palace Theatre, London, Februari 1909, na filamu za sherehe za Delhi, India, za 1911, za kutawazwa kwa Mfalme George wa Tano, zilijaza kumbi. Kisha William Friese-Greene, mvumbuzi mwingine wa filamu wa Kiingereza, akapinga hataza mahakamani. Smith alishinda kwanza, lakini katika rufaa ya 1914 hataza ikabatilishwa, kwa kuwa maelezo yake hayakujitosheleza.

Kwa filamu yako fupi, anza na The Sick Kitten kabla ya kugusa karatasi nyeusi. Isimamishe pale shoti inapobadilika, angalia kijiko kiko mkono gani na kimo gani kabla na baada. Kisha piga mtu akinywa chai, mara moja kwa mbali, mara moja kwa karibu, ukate kikombe kikiwa bado safarini kwenda mdomoni.