Kuzungumza na Mpiga Kura Asiyekubaliana Nawe: Niliyojifunza Minnesota Mwaka 2012

Mwaka 2012, nikiwa raia wa Marekani kwa muda usiotimiza mwaka mmoja, nilijitolea kupiga simu kila Jumanne jioni kwa niaba ya Minnesotans United for All Families, kampeni iliyopinga pendekezo la kuandika katika katiba ya jimbo la Minnesota kwamba ndoa itakayotambuliwa ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja tu. Ninayaandika haya kwa ajili ya yeyote atakayejikuta katika kazi ya namna hiyo, kwa kuwa makosa niliyoyafanya wiki za mwanzo yalikuwa yanaepukika.

Kosa langu kubwa lilikuwa kubishana. Nilikuwa nimeifuatilia kwa makini kura ya maoni ya Kenya ya mwaka 2010, na majukwaa yake na vipaza sauti vyake, nikaamini kwamba mwenye hoja nzito ndiye mshindi. Mzee mmoja aliponiambia kwamba ndoa ni jambo la Mungu, nilimmiminia haki, usawa na mahakama, naye akakata simu kabla sijavuta pumzi. Msimamizi wa zamu, binti wa umri wa mwanangu, alivuta kiti karibu nami, akanishauri nimwulize anayefuata ameoana na mwenzake miaka mingapi na kwa nini alioa. Niliona haya kumwuliza mgeni jambo la nyumbani kwake. Kwetu hilo ni utovu wa adabu. Hata hivyo niliuliza, na mwanamume wa upande wa pili akanisimulia kwa muda mrefu juu ya marehemu mkewe. Nilipomwuliza kama anawajua watu wawili wa jinsia moja wanaotunzana vivyo hivyo, alinyamaza kidogo, kisha akamtaja mpwa wake.

Mbinu hiyo haikuzuka hivi hivi. Huko California mwaka 2008, wapinzani wa marufuku kama hiyo walitegemea zaidi lugha ya haki na ubaguzi, na marufuku ikapita kwa asilimia 52. Arizona ilikuwa imelikataa pendekezo la aina hiyo mwaka 2006, ikageuka na kulikubali jingine miaka miwili baadaye. Kwa hiyo sisi tulifundishwa kuzungumzia ahadi, ugonjwa, uzee, na nani atakushika mkono hospitalini.

Ijue pia karatasi ya kura kabla hujaishika simu. Katika Minnesota, marekebisho ya katiba hupita tu yakiungwa mkono na zaidi ya nusu ya wote waliopiga kura katika uchaguzi huo, hivyo anayeliacha swali wazi huhesabiwa kama aliyesema Hapana. Wala usimdanganye mtu: sheria ya mwaka 1997 ilikuwa tayari inazuia ndoa hizo, na kura ya Hapana isingemwozesha yeyote kesho yake, ingezuia tu mlango usitiwe kufuli ya katiba. Niligundua kwamba maelezo hayo, yakitolewa kwa utulivu, yaliwapoza watu wengi wenye mashaka.

Ugumu ulikuwa kwa watu wangu mwenyewe. Kanisani petu tuna mama mmoja tunayemwita Shosho, yaani bibi, na siku moja baada ya ibada, chai ikiwa bado mkononi, alinikabili mbele ya watu.

“Mwanangu, nasikia unawapigia simu Wazungu uwaambie wanaume waoane.”

“Shosho, nawaomba tu wasiwafungie katika katiba.”

Nilikuwa na majibu kumi zaidi tayari, lakini nilimwuliza aliishije na mumewe, Guka, miaka yote ile. Tulikaa hadi waliokuwa wakifagia wakatuomba tuinue miguu. Tafadhali usiifanye kazi hii kwa haraka. Mazungumzo kama hayo hayamaliziki kwa dakika tano, na mara nyingi hutajua yaliishia wapi.

Usiku wa tarehe 6 Novemba tulikesha. Waliosema Ndiyo hawakufika nusu. Walikuwa asilimia 47 na ushei. Mwezi Mei mwaka uliofuata bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuruhusu ndoa hizo, na Gavana Mark Dayton akaitia saini.

Shosho hajaniambia hadi leo alipigaje kura. Jumapili iliyofuata alinisogezea kikombe cha chai, akaniuliza kama yule mwanamume aliyefiwa na mkewe ana mtu wa kumpikia.