Uyoga wa miombo si tunda la mti

Mkuu umeuliza kama uyoga wa miombo ni tunda la mti, kama jamaa alivyosema. Hapana. Uyoga unaoota chini ya miti ya miombo huko Liwale, mkoani Lindi, si tunda la ule mti, hata kama huyo jamaa kaulinganisha na bibo la mkorosho. Mkorosho ni mmea, una majani ya kijani na unajipikia chakula kwa jua. Uyoga ni kuvu. Hauna majani wala mbegu, na kiukoo kuvu wako karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Kuta za seli zake zina kitini, kitu kigumu kilichomo pia kwenye gamba la panzi.

Unachochuma ni kiungo cha uzazi tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba ndani ya udongo, zimezivika ncha za mizizi ya miombo. Nyuzi zinaupa mti maji na fosforasi, mti unazilipa sukari. Ndiyo maana uyoga ule wa njano, wenye mikunjo inayoshuka hadi kwenye shina, hauoteshwi bandani, na ukifyeka miombo nao unapotea.

Halafu hilo bibo lenyewe si tunda halisi, ni kikonyo kilichovimba. Tunda ni korosho inayoning'inia chini yake. Sisi wa mikoroshoni tunaliona kila msimu: korosho hutangulia kukua, bibo linavimba baadaye.

Ila uyoga wa kwenye kichuguu usiuchanganye humu, ule haushikani na mizizi, unalimwa na mchwa.