Kwa nyie mliohamia kamera za mirolesi juzi

Jumamosi iliyopita nilialikwa harusi pale Soweto, Mbeya. Nilikwenda kama mgeni kabisa: nimevaa sare ya ukoo, sahani ya pilau mkononi, begani sina kamera. Maharusi wanaingia, matarumbeta yanalia, na mbele yangu kuna kijana mwenye mirolesi mpya inayong'aa, yaani kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani, anaipiga flashi yake makofi. Anaizima, anaiwasha, anaichomoa, anaipuliza, anairudisha. Haiwaki. Akabadilisha betri zote nne huku bibi harusi anampita hivihivi. Pilau ikanikwama, maana ugonjwa ule naujua, niliwahi kulazwa nao.

Nikaweka sahani chini, nikamfuata. "Dogo, fungua menyu, angalia shata." Shata ndiyo inayoamua sensa, kile kipande kinachonasa picha, ipate mwanga kwa muda gani. Akanitazama kama mama wa jikoni aliyepotea njia. "Anti, hii siyo kama zile za zamani."

Haya. Siyo kama zile za zamani. Ndiyo maana nimekaa kuandika, na huyu ni wa tatu mwaka huu.

Mimi napiga sendofu, kicheni pati na harusi, kuanzia Tunduma mpaka Makambako. Miaka minane nilitembea na Canon 6D, ile yenye kioo ya 2012. Tangu 2022 nina mirolesi, Canon R6, iliyotoka 2020. Zote bado ninazo na zote zinafanya kazi, kwa hiyo nasema ninayoyajua kwenye hizo mbili. Wa Nikon na Sony mtajitafsiria.

1. Acheni kuulizana megapikseli. 6D ina 20.2. R6 ina 20.1. Soma tena polepole. Nilimaliza akiba yangu kununua kamera yenye pikseli pungufu kuliko niliyokuwa nayo, na sijutii. Wala msidanganyane kuhusu uzito. R6 ikiwa na betri na kadi ni gramu 680, 6D ni 770, mtu anashangilia. Sasa iwekee adapta ya kuvalia lenzi zako za EF, zile za Canon za zamani, ambayo ni gramu 110. Umefika 790. Shingo yako haijapata nafuu yoyote.

Ila hiyo adapta nunueni, tena kabla hujaota lenzi mpya hata moja. Ndani haina kioo cha lenzi, ni nafasi tupu ya kurudisha lenzi mahali pake, na lenzi yangu ya zamani ya 24-105 inafokasi vizuri kuliko ilivyokuwa kwenye mwili wake wa kwanza, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Kinyume chake hakipo: lenzi ya RF, ile ya mirolesi, haivai kwenye 6D. Kuna dogo aliuza lenzi zake zote za EF Mwanjelwa kwa bei ya kutupa, akabaki na mwili mpya na lenzi moja ya kuja nayo kwenye boksi. Sasa hivi kila Ijumaa ananipigia kuniazima lenzi ya 70-200. Nampa. Anairudisha Jumatatu ina keki.

2. Betri. 6D kwa vipimo vya kiwandani inapita picha elfu moja kwa chaji moja. R6 ukichungulia kwenye kitundu cha kutazamia picha haifiki 400, kwa sababu kile kitundu ni skrini, kinakula umeme hata ukiwa umesimama tu unasubiri MC amalize utani. Nendeni na betri nne. Betri za zamani za LP-E6 zinaingia, ila kasi ya juu kabisa hamtaipata nazo. Na wenye 6D, zimeni GPS, ile inaendelea kunyonya betri hata kamera ikiwa imezimwa. Nililijua hilo nikiwa hifadhi ya Kitulo, mwezi wa saba, alfajiri, nyasi zote zimekuwa nyeupe kwa sakitu, watalii wangu wawili wamesimama wanatetemeka, na kamera niliyoichaji usiku kucha imelala kama maiti. Kwenye baridi ile betri za akiba zinakaa mfuko wa ndani, karibu na ngozi. Usiulize ngozi ya wapi.

3. Shata ya kielektroniki. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Kuna kanisa moja kule Tukuyu, Rungwe, ambako nilipiga harusi na 6D. 6D ina mlio wake, mnaujua, kwa-chak, kwa-chak. Katikati ya mahubiri mchungaji akanyamaza. Akanigeukia: "Mpiga picha, leo nani anahubiri, wewe au mimi?" Kanisa zima likacheka. Nilitamani sakafu inimeze.

Kwa hiyo niliponunua R6, kitu cha kwanza nilichokipenda siyo fokasi ya macho wala rangi. Ni ule ukimya. Ukiweka shata ya kielektroniki haitoi hata pumzi, na inakwenda picha 20 kwa sekunde. Nikapata harusi kanisa lilelile, mchungaji yuleyule. Nikasema leo atajua hajui.

Tukuyu siku hiyo ilikuwa Tukuyu: mvua tangu usiku, ukungu umefika madirishani, kanisa giza, wamewasha taa za LED dari zima. Nikaweka flashi. Haikuwaka. Nikabadilisha betri. Haikuwaka. Nikapangusa miguu yake kwa pindo la kitenge. Haikuwaka. Msaidizi wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa na 6D na lenzi ya 50, nimempa akapige wageni wanaopiga vigelegele. Flashi yake inawaka kama radi. Tukabadilishana. Yake ikaja kwangu ikafa. Yangu ikaenda kwake ikafufuka.

Mtu mwenye akili hapo angejiuliza swali moja. Mimi nikasema kamera imeingia unyevu wa Tukuyu pale inapokaa flashi. Nikamrudishia mtoto flashi yake, nikapandisha ISO, ile ya kuifanya kamera ihisi mwanga zaidi, mpaka 6400, nikaendelea. Kwenye kitundu kila kitu kizuri, kinang'aa. Picha kujionyesha baada ya kupiga nilikuwa nimeizima, kwa sababu kwenye mirolesi inakuziba macho kila unapobonyeza. Na kwa kuwa haina sauti wala uchungu, nikamwaga picha kama mtu anayemwaga mahindi: pete, kiapo, busu, machozi ya baba. Mchungaji akanipita mlangoni akanitikisia kichwa kwa heshima. Jioni ukumbini nikaendelea vilevile, chini ya taa za DJ. Jumla, picha 2,100.

Saa nane usiku, Mbeya, nikafungua Lightroom, programu ya kusafishia picha.

Gauni la bibi harusi lilikuwa na mistari. Mweupe, wa kijivu, mweupe, wa kijivu, kuanzia kifuani hadi chini, kama punda milia aliyefuliwa. Nikasema skrini. Nikazima kompyuta, nikawasha. Mistari. Picha ya pete, mistari imepita kwenye vidole. Za ukumbini ndiyo usiseme, mistari myembamba mingi, ya zambarau na kijani, maharusi wanakata keki ndani ya kanga.

Sababu mnaijua mnaposoma, hamuijui mnapofanya kazi. Shata ya mitambo ni pazia linalofunguka mbele ya sensa. Ya kielektroniki haina pazia. Sensa inasomwa mstari mmoja mmoja kutoka juu kwenda chini, na kusoma huko kunachukua muda. Taa nazo hazitulii. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za LED za bei rahisi zinapepesa mara 100 kila sekunde, na za DJ zinazopunguzwa mwanga zinapepesa haraka zaidi ya hapo. Mstari uliosomwa taa ikiwa imepanda unatoka mweupe, uliosomwa ikiwa imeshuka unatoka mchafu. Na kwa shata hiyo flashi kwenye R6 haiwaki kabisa, ndivyo ilivyoundwa. Ile kamera ilikuwa inaniambia tangu asubuhi. Nikaipangusa kwa kitenge.

Nilijaribu kuisafisha. Haisafishiki, maana kila picha mistari imekaa mahali pake tofauti. Nikageuza nyeusi na nyeupe. Rangi zikaondoka, mistari ikabaki. Siku ya pili mama wa bibi harusi akapiga simu kuuliza angalau picha mbili za kutuma kwa ndugu. Nikamwambia huku umeme umekatika. Siku ya tatu nikamwambia umerudi ukakatika tena. Naliandika hili kwa sababu najua nanyi mtalifanya, na ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mistari. Mistari ilikuwa ujinga. Umeme ulikuwa uongo, tena kwa mama aliyenilisha.

Siku ya nne nikapanda gari kwenda Tukuyu na kompyuta begani. Yule mama akanikaribisha, chai, magimbi, shikamoo zote zikaisha, nikafungua. Nikamwonyesha zote, mbovu na nzima. Kwangu zilizopona ni mia tatu na kidogo, nyingi za karibu na dirisha na nje. Kisha nikamwonyesha za 6D, za mtoto wa dada, picha 140. Pete ilikuwemo, imepigwa kutokea nyuma ya kilemba cha bibi mmoja, kilemba kimekula robo ya fremu, lakini vidole safi, gauni jeupe.

Mama akaangalia muda mrefu. Akasema, "Kumbe hii ya kelele ndiyo imesema. Ile ya kimya imenyamaza kweli."

Nikarudisha nusu ya hela. Wiki iliyofuata nikawapiga maharusi bure kwenye mashamba ya chai, na gauni likavaliwa tena. Hazikuwa picha za harusi, tulijua wote.

Kwa hiyo: taa za umeme, shata ya mitambo. Mchungaji akikasirika, piga chache. Na kila unapoingia chumba kipya, piga moja, iangalie kwa kuikuza. Sekunde tano.

4. Mkienda studio na flashi kubwa, kitundu kikawa cheusi, kamera haijafa. Umeweka 1/200, f/8, ISO 100, mipangilio inayotegemea mwanga wa flashi, nayo inakuonyesha chumba kilivyo bila flashi. Zima ile sehemu ya kuigiza mwanga. Na ukumbini usiku mambo ni kinyume, skrini inang'aa gizani ukadhani picha ina mwanga wa kutosha, angalieni histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha.

5. Kadi mbili, zote ziandike picha zilezile. 6D ina tundu moja la kadi. Miaka minane nililala na hofu. Wewe umepewa mawili unatumia la pili liwe akiba likijaa la kwanza? Toka.

6. Fokasi ya macho. Hapa sibishani. 6D ina pointi 11 za kufokasi na ya kati peke yake ndiyo ya msalaba, ile inayoshika vizuri zaidi, tulikuwa tunafokasi katikati, tunahamisha fremu, tunaomba Mungu. R6 inalifuata jicho mpaka pembeni kabisa. Ila jicho la nani? Bibi harusi amejifunika shela, msimamizi wake kando ana kope za kubandika kama mabawa, kamera inamchagua nani? Nimeona albamu nzima ya kijana mmoja wa Iringa ambayo msimamizi ni mkali kama wembe na bibi harusi ni moshi. Jifunzeni kuchagua uso wenyewe kwa kidole kabla ya kuiachia mashine. Msimamizi yule, nasikia, alifurahi sana.

7. Ukungu na vumbi. Ukitoka baridi ya nje ukaingia ukumbi wa moto, acha kamera kwenye begi dakika kadhaa. Ukibadilisha lenzi, kumbuka huna kile kioo cha kuakisi cha kukinga sensa tena. Zima, elekeza chini, fanya haraka, na siyo stendi ya Uyole. Mvua: mfuko wa nailoni na mpira wa nywele.

8. Msiuze ya zamani. Shata ya 6D imekadiriwa mara 100,000 na yangu imeshapita hapo, ya R6 ni 300,000, sawa, hesabu nazijua. Lakini mtoto wa dada bado anaishika, siku hizi ananiomba yeye ndiye asimame mbele.

Mwaka jana yule mama wa Tukuyu akanipigia. Binti wa pili anaolewa. Nikanyamaza, nikidhani amekosea namba. Akataja tarehe, akataja bei, hakuomba nipunguze. Sharti lake lilikuwa moja, nije na ile inayopiga kelele. Nikaenda nayo, kwa-chak, kwa-chak, tangu wimbo wa kuingia. Mchungaji alikuwa yuleyule.