Ukisoma Riwaya, Waulize na wa Nyumbani

Ukiona unamaliza riwaya na baada ya wiki mbili hukumbuki kitu, soma ukiwa na penseli. Kila mahali panapokugusa, andika pembeni mwa ukurasa nani au nini kimekujia akilini. Neno moja linatosha: "shangazi", "ukame ule", "kodi ya nyumba".

Niliposoma Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa 1979, neno lililojaa pembeni lilikuwa "babu". Rashidi, mhusika mkuu, anaishika kazi ya baba yake, kupakia na kupakua mizigo bandarini Unguja. Babu yangu mzaa mama aliifanya kazi hiyohiyo Mombasa. Sisi wajukuu tulimjua kwa mgongo uliopinda, basi. Habari za gatini hakuna aliyemuuliza. Riwaya ndiyo iliyonipa maswali. Walilipwa kwa siku au kwa mwezi? Kuli akiumia, nani alimtibu? Babu alikwisha tangulia mbele ya haki, kwa hiyo nikamwendea mama. Akaniambia babu alikuwa kibarua wa kutwa: siku isiyo na meli haikuwa na posho, na bibi akikaanga mihogo ya kuuza ili watoto wale.

Halafu toka nje ya familia. Mgomo wa kwenye Kuli ni ule wa Zanzibar wa 1948. Lakini Mombasa waligoma Januari 1947, na Septemba mwaka huohuo wakagoma makuli wa Dar es Salaam, mgomo ukafuata reli hadi bara. Bandari tatu, chini ya miaka miwili! Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, bei zimepanda, ujira hautoshi. Meli na majahazi yalipita kote huko, na sidhani kama habari zilibaki melini. Nilipoipanga miaka hiyo pamoja, Rashidi hakuwa tena mtu wa Unguja peke yake.

Angalia tu usimfunike mhusika kwa jamaa yako. Mama anasema babu aliuogopa mgomo kwa sababu ya watoto. Rashidi si yeye, na kwangu tofauti hiyo ina thamani kuliko mfanano wote, kwani ilinifanya niwatazame upya wanyonge ambao hadithi haiwasemei sana.

Kama kitabu ulichonacho sasa kinahusu reli, mkonge au shule za bweni, na kwenu yupo aliyeyapitia, mpigie simu kabla hujamaliza sura.