Video inaganda tukizungumza na darasa la Ujerumani

SWALI: Ninafundisha Jiografia katika sekondari moja mkoani Njombe. Tumepata darasa rafiki Ujerumani, tunakutana kwa Zoom. Tuna laptopu moja, projekta na intaneti ya simu. Nikipima kasi naona 9 Mbps, lakini wenzetu wanalalamika kwamba picha yetu inaganda na sauti zao zinawarudia. Ninunue bando kubwa zaidi?

JIBU: Usinunue bado, Mwalimu. Bando kubwa litakufikisha mbali zaidi kabla ya kuisha, lakini kwa kawaida haliongezi kasi. Hiyo 9 huenda ni kasi ya kupakua. Picha yenu hufika Ujerumani kwa kasi ya kupakia, na kwenye mitandao ya simu hiyo mara nyingi huwa ndogo zaidi. Pima upya, saa ileile mnayokutana, uangalie namba ya pili, ya kupakia.

Zoom wanapendekeza kama 600 kbps (yaani 0.6 Mbps) kwenda na kurudi vikiwa vifaa viwili tu kwenye kikao, na 1 Mbps ya kupakia vikizidi hapo. Kwa hiyo waombe Wajerumani wakae mbele ya kompyuta moja, siyo kila mtoto na tableti yake. Upande wako unganisha simu na laptopu kwa waya wa USB, simu iweke dirishani, simamisha masasisho ya Windows na uzime HD kwenye mipangilio ya video. Ikigoma, zima kamera. Sauti peke yake haifiki 100 kbps, na darasa linalosikika vizuri linafundishika.

Sauti kuwarudia, hilo ni lenu: inatoka kwenye spika zenu na kuingia tena kwenye maiki yenu. Sogeza spika mbali na laptopu, punguza sauti, na hakikisha hakuna simu nyingine chumbani iliyoingia kwenye kikao hichohicho. Mvua ikipiga bati, hapo ufundi wangu umeishia. Tafuteni chumba chenye dari.

Ila kwa maoni yangu video mmeipa uzito kupita kiasi. Toleo la bure hukata baada ya dakika 40, na nusu yake huishia kwenye “mnatusikia?” Fanyeni kazi inayosafiri kama namba. Karibu na tarehe 21 Machi au 23 Septemba, kila darasa lisimamishe fimbo ya mita 1, lipime kivuli jua linapokuwa juu kabisa kwao, kisha kwa urefu wa fimbo na kivuli likokotoe pembe ya jua kutoka utosini, yaani jua limeinama kiasi gani kutoka juu kabisa ya kichwa. Siku hizo kivuli chenu huelekea kusini na chao kaskazini, hivyo jumlisheni pembe mbili. Chukueni umbali wa kaskazini hadi kusini kati yenu kutoka kwenye ramani, gawanyeni kwa jumla hiyo, zidisheni kwa 360: mmepata mzingo wa dunia, karibu kilomita 40,000. Matokeo yanatosha kwenye ujumbe mmoja wa simu, na mkikutana kwa Zoom mtakuwa na la kubishania.

Angalia na saa. Ujerumani hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatubadilishi. Kipindi chao cha saa 3 asubuhi kwetu ni saa 4 wakati wa kiangazi chao, na saa 5 wakati wa baridi. Na kabla ya kurekodi nyuso za wanafunzi, pata ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu watoto pia.